Ukame Haushiki Panga



Leo nina swali moja ambalo nimelibeba tangu Kwaresima, na ninaomba tulitafakari pamoja bila kukimbilia jibu. Watu wawili wakigombea maji mpaka mmoja akafa, nani amemuua? Utasema ni yule aliyeshika panga. Ndiyo. Lakini siku hizi kuna jibu la pili, na linatolewa na watu waliosoma sana: kilichomuua ni ukame. Ni uhaba wa ardhi, ni wingi wa watu, ni mabadiliko ya tabianchi. Jibu hili lina ukweli ndani yake na lina hatari pia. Nisingekuwa na sababu ya kuhangaika nalo kama si kwamba mdogo wangu wa kiume anataka kwenda Usangu kulima mpunga.

Niwaanze hao waliosoma, maana wana haki ya kusikilizwa. Mwaka 1972 Donella Meadows na wenzake huko Marekani walitoa kitabu kilichotikisa dunia. Waliiingiza kwenye kompyuta mienendo ya mambo matano, yaani idadi ya watu, chakula, viwanda, uchafuzi na rasilimali zisizojirudisha, wakatazama yanavyosukumana. Walikuwa wanatengeneza kitu kinachoitwa modeli. Usiogope neno hilo. Modeli ni mchoro wa visanduku na mishale: hiki kikiongezeka, kile kinapungua, na kile kikipungua, hiki kingine kinalipuka. Miaka ya 1990 Thomas Homer-Dixon wa Kanada akakiweka wazi kisanduku cha mwisho, kisanduku cha damu. Ukiurahisisha mchoro wake unasomeka hivi: watu wanaongezeka, ardhi na maji vinapungua, wenye nguvu wanajitwalia kilichobaki, wanyonge wanasukumwa pembezoni, watu wanahama, serikali inazidiwa, wanapigana.

Mwaka 2009 kundi la Marshall Burke likaandika kwamba joto likipanda Afrika, hatari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nayo inapanda. Mwaka uliofuata, kwenye jarida lile lile, Halvard Buhaug wa Norwe akajibu kwamba hapana, tabianchi inasingiziwa. Tazameni umaskini na makabila yaliyofungiwa nje ya madaraka. Wamebishana mpaka leo. Mimi si wa kuwaamulia. Ninachotaka mkione ni mshale ule wa mwisho, kutoka uhaba kwenda damu. Ndio ninaougombea.

Sasa mtu wa Makandana anaweza kusema haya hayamhusu. Sisi mvua tunayo, we acha tu! Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, kuna siku nguo hazikauki wiki nzima. Migomba, chai, maparachichi, kila mahali kijani. Ugomvi wa maji ni wa watu wa huko chini kwenye vumbi.

Kumbe sivyo. Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na desturi ambayo mtafiti Monica Wilson aliiandikia kitabu mwaka 1951: vijana wa rika moja walitoka kwenye nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, na baadaye wakapewa ardhi yao. Fikiria hilo. Kijana wa miaka kumi na kitu hakugombea kipande cha shamba na kaka yake, alikuwa na kijiji cha rika lake. Kisha ikaja kahawa, ikaja chai, watu wakaongezeka, ardhi ikawa mali ya kushikiliwa. Vijiji vya rika vikafa. Hakuna aliyevipiga marufuku. Vilikosa pa kukaa.

Kwetu shamba la babu liligawanywa mara tatu. Fungu la baba litagawanywa tena kwa kaka zangu na mdogo wangu (sisi mabinti hatuhesabiwi, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema vingine, hilo nitaliandikia siku nyingine, na nitaandika kwa hasira). Atakachopata mdogo wangu ni mistari michache ya migomba. Ndiyo maana baba yetu mdogo, aliyehamia Mbarali zamani, anampigia simu kila wiki: njoo, huku eka zipo.

Kwa hiyo mshale unaanzia hapa kwetu, kwenye kijani chetu. Unapanda mgongo wa Uporoto na kushuka upande wa pili. Mvua ikianguka upande wetu inaingia Kiwira au Mbaka na kwenda Ziwa Nyasa. Ikianguka upande ule inakwenda Usangu, inakusanyika kwenye ardhi oevu ya Ihefu, inatoka kama Ruaha Mkuu, inapita Hifadhi ya Ruaha, inajaza Mtera na Kidatu, ndipo inafika Rufiji. Mto mmoja huo unanywesha mpunga, ng'ombe, tembo, na unawasha taa za Dar es Salaam.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na ukaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Miaka ile ile nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Watu wakauliza nani amekunywa maji, na kidole kikaelekezwa kwa ng'ombe. Ng'ombe anaonekana kirahisi. Yuko wazi mbugani, ana mwenyewe anayevaa tofauti na sisi na anazungumza lugha nyingine. Wakati huo huo watafiti waliokaa Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wanasema jambo lingine. Maji ya kiangazi yalikuwa yanaishia zaidi kwenye mabanio ya skimu za mpunga, yaliyoachwa wazi hata pale ambapo majaruba hayakuhitaji maji mengi kiasi hicho. Na shida ya Mtera haikutokana na Usangu peke yake. Hata namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa ilichangia.

Lakini mwaka 2006 operesheni ilianza. Wafugaji na mifugo yao, ng'ombe kwa malaki, waliondolewa Usangu na kuelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Malalamiko yakawa mengi mpaka Rais Jakaya Kikwete akaunda tume ya uchunguzi. Sababu zilizotangazwa zilikuwa nzuri kabisa: mazingira, mto, umeme wa taifa. Papa Fransisko kwenye waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja alionya kwamba rasilimali zikianza kwisha, vita vipya vitakuja vikiwa vimevaa sababu za heshima. Nikisoma mahali hapo huwa nawaza Ihefu. Sisemi ilikuwa vita. Nasema mfugaji aliyepoteza nusu ya ng'ombe zake njiani alibebeshwa msalaba wa mto mzima, na wenye mabanio tukabaki.

Nimesema "tukabaki" kwa makusudi. Wanyakyusa ni miongoni mwa wanaolima mpunga Usangu, na baba yangu mdogo ni mmoja wao.

Ngoja niwapeleke Morogoro, kwa sababu huko mshale umefika mpaka mwisho. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, wakulima 38 waliuawa na wafugaji. Siku moja. Ukiuliza modeli, jibu liko tayari: mabonde yenye maji yalikuwa machache, kilimo kilipanuka, mifugo ikakosa malisho ya kiangazi, damu ikamwagika. Lakini Tor Benjaminsen wa Norwe pamoja na Watanzania wawili, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walikwenda kuuliza watu, na mwaka 2009 wakachapisha walichokikuta. Hawakukubali kwamba uhaba unatosha kueleza. Walikuta historia ndefu ya sera zinazomwona mkulima kuwa ndiye mwananchi na mfugaji kuwa mpita njia. Na walikuta rushwa. Mkulima alipoliwa mazao alikwenda kushtaki, mfugaji akatoa kitu kidogo, kesi ikafa. Mfugaji aliposhikiwa ng'ombe zake naye alilipa ili wamsikilize. Kila upande ulijifunza kwamba sheria inauzwa, na mtu akishaamini hivyo anaona jia iliyobaki ni mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipopata picha ya kile ninachotaka kusema. Ule mshale wa mwisho kwenye modeli umechorwa kama mstari mmoja mweusi, uhaba hapa, damu pale. Ukiusogelea karibu unakuta si mstari. Ni msururu wa watu. Kuna aliyepima mpaka akiwa ameshapewa kitu mfukoni, na aliyepokea hela za pande zote mbili. Kuna aliyesikia vijana wanapanga usiku akaenda kulala. Kuna aliyepiga kelele "wavamizi wamekuja" ingawa alijua hawajavamia. Na mwisho kabisa, ndiyo, kuna aliyeshika silaha. Mvua ikikosekana mto unakauka. Mto hauna la kuamua. Lakini mto ukikauka, mtu hajaua bado. Kuna nafasi pale katikati.

Biblia inaifahamu nafasi hiyo. Kaini alikuwa mkulima, Abeli mchungaji wa kondoo, na sijui kama ni bahati mbaya kwamba mauaji ya kwanza yanawahusu watu wa kazi hizo mbili. Kitabu cha Mwanzo hakitaji ukame wala ufinyu wa shamba. Kinataja uso uliokunjamana. Na Mungu anaongea na Kaini kabla ya damu, anamwuliza kwa nini umekasirika. Tunalikumbuka sana swali la pili, lile la ndugu yako yuko wapi, tunalisahau hili la kwanza. Lakini lile la kwanza ndilo lililokuja wakati bado kitu kinaweza kufanyika.

Sura ya 13 inatupa uhaba wenyewe, umeandikwa waziwazi kama kwenye modeli: nchi haikuwatosha Abramu na Lutu kukaa pamoja kwa sababu mifugo ilikuwa mingi, na wachungaji wao wakaanza kugombana. Visanduku vyote vimejaa, kimebaki cha mwisho tu. Abramu, ambaye ni mkubwa na ana haki ya kuchagua kwanza, anamwachia kijana achague. Damu haikumwagika. Niliwahi kusikia mahubiri mazuri sana juu ya sura hii, ila kuna kitu nilikuwa nataka kumwuliza padre: je, kama upande wa kushoto na wa kulia kote kungekuwa na watu? Abramu alikuwa na pa kwenda. Mfugaji wa Ihefu aliambiwa aende kushoto, akafika Lindi akakuta kuna wenyewe. Ukarimu wa Abramu peke yake leo hautoshi. Unahitaji ramani, mabaraza yanayoaminika, na mapito ya mifugo yasiyogeuzwa viwanja.

Ndiyo maana siwakubali hata wale wanaosema tuachane na modeli, tuhubiri toba tu. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika mwaka 1987 juu ya miundo ya dhambi, yaani mipangilio ya jamii ambayo inakuwa mizito kuliko mtu mmoja na inamsukuma kwenye uovu. Lakini akasisitiza kwamba miundo hiyo ilitokana na matendo ya watu, na watu ndio wanaoilisha. Naona ameshika pande zote mbili. Anayesema "ni mfumo" huku akinyoosha mikono hajamsoma vizuri, na anayesema "ni moyo wa mtu tu" hajawahi kufuatilia kesi ya ardhi.

Na tusidhani uhaba ndio chanzo pekee. Kivu kuna mvua kama ya kwetu, udongo mweusi kama wa kwetu, na chini yake kuna koltani, madini yanayoingia kwenye simu unayosomea maneno haya. Huko kinachopiganiwa ni wingi. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, penye machimbo makubwa ya koltani, wakawa wanatoza ushuru juu ya madini yanayotoka. Kwa hiyo mshale unaweza kutoka kwenye kupungukiwa na unaweza kutoka kwenye kushiba. Njia zote mbili zinapita kwa watu wanaochagua.

Basi modeli ina kazi gani? Naiona hivi. Kabla ya damu, modeli ni onyo jema: inakuonyesha kwamba ukiongeza mabanio juu bila kuhesabu walio chini, ukigawa shamba mara ya nne, ukifunga mapito ya ng'ombe, unawasogeza watu kwenye ile nafasi ya Kaini, na wengi wakisogezwa hapo baadhi wataanguka. Kumsogeza mtu huko ukijua ni dhambi, hata kama hujawahi kushika kisu. Baada ya damu, modeli hiyo hiyo inageuka kuwa wakili wa utetezi. Inasema hakuna aliyefanya, ni tabianchi. Mauti 38 yanakuwa nukta kwenye mchoro. Wale wajane wa Rudewa hawawezi kuidai tabianchi chochote, na hata msamaha hawawezi kuutoa, maana utamsamehe nani kama muuaji ni ukame?

Kanisa linafundisha kwamba mali za dunia zimekusudiwa watu wote, na haki ya kumiliki iko chini ya kusudi hilo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwenda mbali zaidi: mtu aliye katika dhiki ya kufa akichukua cha mwingine ili aishi, huo si wizi. Vijana wengi hushtuka wakisikia hivyo. Sasa yatumie mafundisho hayo kwenye mfereji wa Usangu mwezi wa kumi, ng'ombe wa jirani wanakufa kiu na majaruba yako yana maji. Maji yale ni ya nani? Mimi nikijaribu kujibu, naona kibali changu cha maji kinakuwa chepesi mkononi. Na naona pia kwamba mwenye kiu si lazima awe na fimbo ili nimsikilize.

Zipo sehemu ambako watu wameifanyia kazi nafasi hiyo ya katikati. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zinazotumia kwa pamoja mifereji, misitu na malisho bila kuuana. Kabla yake wengi walimfuata Garrett Hardin, aliyeandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaishe kwa sababu kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja tena na tena. (Angalia, mchungaji tena ndiye mkosaji, na huyu ni wa kufikirika tu.) Ostrom alikwenda kwa wachungaji na wakulima wa kweli, akakuta wana zamu, wana walinzi waliowachagua wenyewe, wana faini ndogo zinazoanza taratibu, na wana mahali pa karibu pa kupeleka ugomvi. Usangu nako kuna jumuiya za watumiaji maji na zamu za mfereji. Haziko imara kila mahali. Zamu inahitaji mtu wa juu akubali kufunga banio lake huku anaona maji yanapita mlangoni kwake kwenda kwa mtu asiyemjua, usiku, bila mtu kumwona. Kama kuna zoezi la kiroho gumu kuliko hilo, nitajieni.

Nilimpa mdogo wangu maswali manne ya kumwuliza baba mdogo kabla hajafunga mzigo. Shamba hilo linakunywa kutoka banio gani, na lina kibali? Walio chini ya mfereji ni akina nani, na kiangazi wanapata nini? Eneo hilo kabla halijalimwa lilikuwa njia ya ng'ombe? Na mkigombana mnakwenda kwa nani?

Baba mdogo alicheka sana kwenye simu. Akaniomba mwenyewe niongee naye. "Mwanangu," akasema, "ukianza kuuliza kila kipande kilikuwa cha nani, hutalima hata tuta moja. Huko kwenu mlinigawia nini mimi?" Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sina lote. Yeye alitoka Makandana kwa sababu fungu lake halikumtosha kujenga nyumba. Lakini alijibu swali la pili na la nne bila kuombwa mara mbili. Walio chini yake kuna wakulima wenzake na kuna boma moja la wafugaji lililobaki, na mwaka jana walikosana nao. Walikaa chini ya mwembe siku mbili, mzee mmoja wa kifugaji na mwenyekiti wa mfereji, mpaka wakapata siku ya ng'ombe kunywa. Swali la kibali alilizungukazunguka. La njia ya ng'ombe alilinyamazia.

Mdogo wangu ameondoka wiki iliyopita. Jana jioni alinitumia ujumbe: "Dada, zamu yetu ni Jumatano usiku, saa sita hadi saa kumi na moja, halafu tunafunga wapate wa chini. Ba mdogo amenipa mimi ufunguo wa banio."